Wati za prosesa: namba inatoka wapi, na nani anaitunza

Laptopi ina prosesa ya wati 15, ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi. Mwenye nayo anafunga Linux, anaita turbostat, na chini ya safu ya PkgWatt anaona 41. Mwingine ana kompyuta ya mezani. Zana ileile inamwambia wati 9 huku kipimo alichochomeka ukutani kikisema 46. Kwa anayepigia hesabu sola au inverta, tofauti kama hizo si za kupuuza, na lawama ya kwanza huiangukia programu: inadanganya.

Kwa kawaida haidanganyi, ila inajibu swali ambalo mtu hakuuliza. Lakini zipo pia nyakati ambapo namba ni mbovu kabisa, na ubovu huo huja bila mtu yeyote kugusa hata mstari mmoja wa programu. Kuona kwa nini, inabidi kuifuata namba yenyewe tangu inapozaliwa ndani ya prosesa mpaka inapotua kwenye skrini.

Maneno machache kwanza

Nishati na nguvu si kitu kimoja. Nishati ni jumla ya umeme uliokwisha tumika, nayo hupimwa kwa jouli. Nguvu ni kasi ya kuutumia: wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Uniti moja unayonunua kwenye LUKU, au tokeni kwa walioko Kenya, ni kilowati-saa moja, yaani jouli 3,600,000.

Keneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na vifaa. Programu ikitaka kitu kwenye diski, kadi ya mtandao au prosesa, inaiomba keneli.

Rejista ni vihifadhi vidogo vya namba vilivyo ndani ya prosesa. Zinazotuhusu hapa ni zile ambazo programu ya kawaida hairuhusiwi kuzigusa, zinaitwa MSR. Kila moja ina anwani, na anwani hizo huandikwa kwa tarakimu za mfumo wa 16, kwa mfano 0x611.

Halafu kuna RAPL. Huu ni utaratibu ambao Intel iliuleta na prosesa za Sandy Bridge mwaka 2011. Lengo lake la kwanza halikuwa kumwonyesha mtu wati. Lilikuwa kuiwekea prosesa kikomo cha wastani wa nguvu inayotumia ndani ya muda fulani. Lakini huwezi kukizuia usichokipima, kwa hiyo rejista za nishati zikaja pamoja na rejista za vikomo. AMD nayo iliweka rejista za namna hiyo kwenye prosesa za Zen zilizoanza mwaka 2017, kwa anwani zake yenyewe.

Na turbostat ni zana ndogo ya terminali inayozisoma rejista hizo na kuzigeuza kuwa jedwali. Msimbo wake unakaa ndani ya msimbo wa keneli ya Linux wenyewe, kwenye saraka ya tools/power/x86/turbostat. Mwandishi na mtunzaji wake ni Len Brown wa Intel.

Prosesa haikuambii wati

Dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba mahali fulani ndani ya chipu pameandikwa wati na programu inasoma tu. Hapana. Kilichopo ni kihesabio cha nishati kinachopanda muda wote. Kifikirie kama ile namba ya kilometa kwenye dashibodi ya daladala: haikuambii gari linakwenda kasi gani, inakuambia limetembea umbali gani tangu lianze. Ukitaka kasi unasoma namba, unasubiri, unasoma tena, kisha unagawa tofauti kwa muda uliopita.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mkono, maana ndiyo kazi nzima ya turbostat ikivuliwa mapambo. Kwenye prosesa nyingi za Intel kuanzia Haswell, zikiwemo laptopi nyingi za mtumba zinazouzwa madukani Dar es Salaam na Nairobi, ukisoma rejista 0x606 utapata namba hii:

a0e03

Rejista hii haina nishati yoyote ndani yake. Ni rejista ya vipimo. Biti za 8 hadi 12 ndizo zenye kipimo cha nishati, na kwenye a0e03 biti hizo zinasomeka 0e, yaani 14. Maana yake, kila hatua moja ya kihesabio ni jouli 1 iliyogawanywa kwa 2 iliyozidishwa yenyewe mara 14. Hiyo ni 1/16384 ya jouli, karibu mikrojouli 61.

Sasa kihesabio chenyewe kiko kwenye 0x611. Tuseme umekisoma, ukasubiri sekunde 10, ukakisoma tena, na tofauti ni 2,457,600. Gawa kwa 16384: unapata jouli 150. Gawa kwa sekunde 10: wati 15. Basi. Hakuna kingine kilichojificha.

Matatizo yote yatakayofuata yanatokana na vitu vinne vilivyomo kwenye hesabu hiyo fupi: anwani ya rejista, kipimo cha hatua moja, ukubwa wa kihesabio, na muda kati ya kusoma na kusoma.

Kihesabio kinaporudi sifuri

Kihesabio cha nishati kina biti 32. Kikijaa kinarudi sifuri na kuanza upya. Kwa hatua ya mikrojouli 61 kinajaa kwenye jouli 262,144. Inasikika kama namba kubwa, lakini haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya LUKU.

Laptopi inayokula wati 15 itakijaza kwa saa 4 na dakika 51. Seva inayokula wati 250 itakijaza kwa dakika 17 na nusu. Sandy Bridge, ambayo hatua yake ilikuwa mikrojouli 15.3, ikila wati 100 inarudi sifuri kila baada ya dakika 11 hivi.

Hapa ndipo skripti nyingi za nyumbani huanguka. Mtu anasoma faili ya energy_uj, ambamo keneli huonyesha kihesabio hicho kwa mikrojouli, asubuhi na jioni, anatoa, anapata namba hasi, anaiondoa alama ya kutoa na kuendelea na maisha. Ikirudi sifuri mara moja inaweza kurekebishwa: kama namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, ongeza thamani iliyo kwenye faili ya jirani, max_energy_range_uj, ambayo kwenye mashine nyingi ni 262143328850. Ikirudi sifuri mara mbili kati ya kusoma na kusoma, hakuna wa kukuokoa. Namba itaonekana nzuri kabisa na itakuwa ya uongo.

Ndiyo maana zana zilizotunzwa vizuri hazingoji uziulize. Draiva ya perf, zana ya Linux ya kupima utendaji, ina saa yake ndani ya keneli inayokisoma kihesabio mara kwa mara muda wote kipimo kinapoendelea, hata kama hakuna aliyeuliza, na muda wa saa hiyo umepangwa kwa kuchukulia matumizi ya wati 200. turbostat nayo ina mkusanyo wa namna hiyo kwa anayeweka muda mrefu kati ya vipimo. Anayejiandikia skripti yake asome angalau kila dakika moja, ajumlishe mwenyewe.

Upande wa pili pia una mpaka. Kihesabio husasishwa karibu kila milisekunde moja. Ukisoma kwa haraka kuliko hapo unapata namba ileile mara mbili kisha kuruka kwa ghafla, na grafu yako itajaa miiba ambayo haipo kwenye umeme.

Wati 15 za nini hasa?

Turudi kwa mwenye laptopi. Namba iliyo kwenye boksi ni kiwango ambacho mfumo wa kupoza unatakiwa kukimudu prosesa ikifanya kazi kwa muda mrefu kwa kasi yake ya msingi. Haijawahi kuwa ahadi kwamba prosesa haitavuka hapo. Prosesa za sasa za Intel zina vikomo viwili: kimoja cha muda mrefu na kingine cha muda mfupi. Core i5-1235U imeandikwa wati 15, lakini kikomo chake cha juu ni wati 55. Core i7-12700 ya mezani ni 65 na 180. Core i9-12900K ni 125 na 241. Ukiona 41 kwenye laptopi ya wati 15 kwa sekunde ishirini za mwanzo wa kazi nzito, kisha ikashuka kuelekea 15, hakuna kilichoharibika. Ndivyo ilivyoundwa.

Vikomo vyenyewe unaweza kuviona bila zana yoyote:

cat /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_0_power_limit_uw

Hicho ni cha muda mrefu. Constraint_1 ni cha muda mfupi. Jibu liko kwa mikrowati, kwa hiyo 15000000 ni wati 15. Watengenezaji wa laptopi hubadilisha vikomo hivi wapendavyo, na laptopi mbili zenye prosesa ileile zinaweza kutofautiana sana. Hilo linaeleza malalamiko mengi ya “prosesa yangu ni ya uongo”.

Na yule wa wati 9 dhidi ya 46? PkgWatt ni chipu ya prosesa peke yake. Haina skrini, diski, feni, kadi ya Wi-Fi, wala umeme unaopotea kama joto ndani ya pawasapulai. Kadi ya picha ya pembeni nayo haimo. Kompyuta ya mezani iliyokaa bure inaweza kabisa kuwa na prosesa inayonusa wati 9 huku vilivyobaki vikila mara nne ya hapo. Kipo kihesabio kinachokusudiwa kupima ubao mzima, kinaitwa psys, kilianza na Skylake, lakini kinategemea kama mtengenezaji wa ubao alikiunganisha, wengi hawakukiunganisha. Kwenye laptopi iliyo kwenye betri, namba ya uhakika zaidi ya kifaa kizima ni ya betri yenyewe: soma /sys/class/power_supply/BAT0/power_now ukiwa umechomoa chaja. Kama faili hiyo haipo, zidisha current_now kwa voltage_now.

Kwa hesabu za sola usitumie RAPL kabisa. Tumia kipimo cha ukutani. RAPL inafaa kulinganisha: programu hii na ile, mpangilio huu na ule, kwenye mashine moja.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni kwamba kizazi cha kwanza cha RAPL hakikupima umeme kwa maana ya kuupima. Sandy Bridge ilikisia kwa kuhesabu matukio ndani ya chipu na kuyapa uzito. Kuanzia Haswell ya mwaka 2013, ambayo vidhibiti vyake vya volti vilihamia ndani ya chipu, namba za Intel zilikaribia sana vipimo vya kweli. Kwa hiyo kulinganisha wati za mashine ya 2011 na za leo kwa kutumia RAPL ni kulinganisha makisio na kipimo.

Kusoma jedwali bila kupotea

Kwenye Ubuntu, turbostat inakuja na kifurushi cha linux-tools kinacholingana na keneli yako. Kwenye Debian imo ndani ya linux-cpupower, na kwenye Fedora ndani ya kernel-tools. Ubuntu ina mtego wake: /usr/bin/turbostat ni mlango tu, unaotafuta zana ya toleo lilelile la keneli inayoendesha mashine. Ukisasisha keneli bila kifurushi chake, utaambiwa turbostat haijapatikana, ingawa jana ilifanya kazi. Dawa ni hii:

sudo apt install linux-tools-$(uname -r)

Kisha:

sudo modprobe msr
sudo turbostat --quiet --Summary --show Busy%,Bzy_MHz,Avg_MHz,PkgTmp,PkgWatt --interval 5

Busy% ni sehemu ya muda ambao prosesa ilikuwa inafanya kazi kweli. Bzy_MHz ni kasi yake wakati inafanya kazi. Avg_MHz ni zao la hizo mbili. Watu wengi hutishwa na Bzy_MHz. Wanaona 4400 kwenye kompyuta ambayo haifanyi kitu na kuhitimisha kwamba umeme unaliwa bure. Lakini kama Busy% ni 1, basi Avg_MHz ni 44. Prosesa iliamka, ikamaliza kazi yake mbio, ikalala. Mara nyingi kumaliza mbio na kulala kunakula umeme mdogo kuliko kujikokota muda mrefu. Anayetaka kujua kama mashine inalala vizuri aangalie safu za usingizi, CPU%c6 na zile zinazoanza na Pkg%pc. Kama Pkg%pc zote ni sifuri wakati mashine imekaa tu, kuna kifaa au programu inayoikatalia chipu nzima kulala, na huko ndiko betri inakokwenda.

Usiweke muda mfupi sana. Ili kusoma, turbostat hulazimika kuitembelea kila CPU, moja baada ya nyingine, na kuiamsha. Kwa sekunde 5, ambao ndio muda wake wa kawaida, usumbufu huo ni mdogo. Kwa sehemu ya kumi ya sekunde unapima prosesa inayosumbuliwa na kipimo chako.

Ukiwa ndani ya mashine pepe iliyokodiwa kwenye wingu, usipoteze muda. Mwenye mashine halisi kwa kawaida hakupitishii rejista hizi, na utapata makosa ya kusoma MSR au safu tupu. Matoleo mapya yana --no-msr ya kukwepa njia hiyo, lakini wati hazitatokea kwa sababu tu umekwepa.

“Permission denied” si hitilafu

Hadi mwaka 2020, mtumiaji yeyote kwenye Linux aliweza kusoma energy_uj. Novemba mwaka huo ulitangazwa udhaifu ulioitwa PLATYPUS. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria, walionyesha kwamba mabadiliko madogo ya nishati yanatosha kukisia data inayochakatwa, mpaka funguo za siri. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2020-8694, na keneli ikabadilishwa ili faili hiyo isomwe na root, yaani msimamizi wa mfumo, peke yake.

Programu nyingi za kuonyesha wati kwenye upau wa skrini zilikufa baada ya hapo. Ushauri uliosambaa ulikuwa chmod 444, yaani kumruhusu kila mtu aisome faili, ili kuirudisha hali ya zamani. Kwenye laptopi yako ambayo hakuna mwingine anayeitumia, hatari ni ndogo ingawa ipo. Kwenye seva yenye watumiaji wengi ni upuuzi. Weka huduma ndogo inayoendeshwa na root, isome kila sekunde kadhaa, itoe wastani tu kwa wengine.

AMD ilipitia njia ngumu zaidi. Draiva ya amd_energy iliingia kwenye keneli 5.8 mwaka 2020, na kufikia toleo la 5.13 ilikuwa imeondolewa kabisa. Waliojenga juu yake walihamia powercap, ile njia ya faili kama energy_uj, au perf. Tukio hilo ni dogo, lakini linaonyesha kwamba kutunza zana za namna hii ni pamoja na kukubali kuiondoa njia ambayo watu wameizoea.

Kwa nini zana huharibika bila kuguswa

Sasa twende kwenye kazi yenyewe ya utunzaji. Chipu haijitambulishi kikamilifu. Inataja familia na namba ya modeli. Haswell ya mezani, kwa mfano, ni familia 6, modeli 0x3C, na Alder Lake ni 0x97 au 0x9A. Lakini haikuambii kwa ukamilifu rejista zipi inazo na zina maana gani. Maarifa hayo yamo kwenye majedwali ndani ya msimbo, na mtu lazima ayaandike kwa kila modeli.

Tena si jedwali moja. Kwa upande wa nishati yapo matatu: la draiva ya powercap kwenye drivers/powercap, la perf kwenye arch/x86/events/rapl.c, na la turbostat. Prosesa mpya inaweza kuwa imeongezwa kwenye moja na si mengine. Ndiyo maana mtu anaona wati kwenye turbostat, halafu amri hii inamjibu kwamba tukio halipo:

sudo perf stat -a -e power/energy-pkg/ sleep 10

Hakukosea kitu. Keneli yake ni ya zamani kuliko prosesa yake. Hilo ndilo linalompata aliyenunua seva mpya na kuhamishia skripti ya zamani: sifuri, au ukimya. Dawa ya kwanza ni keneli mpya, si kuisuka upya skripti.

Kuongeza modeli kwa kunakili mstari wa modeli iliyotangulia ni rahisi, na mara nyingi ni sahihi. Hatari iko kwenye zile zisizo sahihi. Haswell za seva zina kihesabio cha RAM ambacho hatua yake ni mikrojouli 15.3, hata kama rejista 0x606 inasema 61. Ukiiamini rejista, RAM inayokula wati 10 itaonekana inakula 40. Chipu za Atom za kizazi cha Silvermont ni kituko zaidi: namba ileile ya kipimo husomwa kinyume. Badala ya jouli kugawanywa, ni mikrojouli kuzidishwa. Kama kipimo ni 5, hatua sahihi ni mikrojouli 32. Kwa kanuni ya kawaida ungepata mikrojouli 31,250, karibu mara elfu moja zaidi.

Kosa la mara elfu hugunduliwa siku ileile, maana hakuna laptopi ya wati 4,000. Kosa la mara nne kwenye safu ambayo wachache wanaiangalia linaweza kukaa miaka.

Halafu kuna AMD, ambako kipimo kiko 0xC0010299, chipu nzima iko 0xC001029B, na kwenye 0xC001029A kila kiini cha prosesa kina kihesabio chake. Intel kwa kawaida inatoa kimoja kwa viini vyote pamoja. Msimbo uliodhani kwamba CorWatt, safu ya wati za viini, ni namba moja kwa chipu ulilazimika kujifunza kuhesabu kwa kila kiini. Kisha zikaja chipu zenye vipande zaidi ya kimoja ndani ya kifuniko kimoja, ambapo swali la “kihesabio hiki ni cha nani” likazaliwa upya.

Ukubwa wa mashine nao huvunja vitu. turbostat hufungua faili ya /dev/cpu/N/msr kwa kila CPU, pamoja na vihesabio vingine. Kwenye mashine ya CPU mia kadhaa ilizidi idadi ya faili ambazo programu inaruhusiwa kufungua, ndiyo maana sasa inajipandishia kikomo hicho yenyewe hadi 32,768. Na CPU ikizimwa katikati ya kipimo, zana inatakiwa igundue, itupe ilichokusanya, ianze kuhesabu upya. Vinginevyo inagawa tofauti ya kihesabio kimoja kwa muda wa kingine.

Kwa miaka mingi maarifa haya yalikaa kwenye turbostat kama lundo la masharti: kama modeli ni hii au ile au ile, basi. Kila modeli mpya iligusa sehemu kadhaa, na ukisahau moja hupati kosa, unapata safu isiyotokea. Baadaye Zhang Rui wa Intel alilipanga upya lundo hilo: kila modeli ikapewa kifungu kimoja kinachotaja sifa zake zote. Kwa mtazamaji halikubadilisha kitu. Kwa mtunzaji lilipunguza nafasi za kusahau, na kwa maoni yangu kazi ya aina hiyo ina thamani kuliko safu mpya kumi.

Anayetaka kutia mkono

Kujenga zana kutoka msimbo ni kazi ya dakika moja, ukiwa na gcc, make na libcap-dev:

cd linux/tools/power/x86/turbostat
make
sudo ./turbostat

Usichomoe turbostat.c peke yake kuipeleka mashine nyingine. Inategemea faili za keneli zinazotaja anwani za rejista na namba za modeli, na bila hizo haitajengeka. Matoleo ya karibuni yana make snapshot, inayofunga vyote pamoja. Habari njema ni kwamba turbostat mpya hufanya kazi juu ya keneli ya zamani, kwa hiyo unaweza kujaribu bila kubadilisha keneli.

Ukibadilisha kitu, kipime kwa hali mbili: mashine imekaa bure kwa dakika kadhaa, na mashine ikiwa imebanwa viini vyote. Weka matokeo ya kabla na ya baada bega kwa bega. Kwenye hali ya kubanwa, PkgWatt ikitulia inapaswa kukaribia kikomo cha muda mrefu ulichokisoma kwenye powercap, isipokuwa joto limeizuia mapema. Ikikizidi mara mbili na kubaki hapo, shuku kipimo cha hatua kabla ya kushuku chipu. Weka na kipimo cha ukutani: ongezeko la wati ukutani kati ya kukaa bure na kubanwa lazima liwe kubwa kuliko ongezeko la PkgWatt, kwa sababu pawasapulai inapoteza njiani. Likiwa dogo, namba zako zina kasoro.

Jina la safu usiliguse. Zipo skripti zisizo na idadi zinazotafuta neno PkgWatt kwenye mstari wa kwanza. Ongeza safu mpya ukihitaji, usibadilishe ya zamani. Na anayeandika skripti naye atumie --show na ataje safu anazotaka, asihesabu kwamba “wati ziko safu ya 14”, kwa sababu kwenye prosesa nyingine zitakuwa ya 19.

Kiraka, yaani faili ya mabadiliko yako, kikiwa tayari, kipitishe kwenye scripts/checkpatch.pl, uliza scripts/get_maintainer.pl kitumwe kwa nani, weka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, na kama kinatibu kosa lililoingia na badiliko fulani, litaje kwa mstari wa Fixes ili watunzaji wa matoleo ya zamani walione. Toleo jipya la keneli hutoka kila wiki 9 au 10, na vitu vipya huingia kwenye wiki 2 za mwanzo tu. Ukichelewa dirisha hilo unasubiri linalofuata. Masahihisho ya makosa hupita muda wote.

Asiyeandika msimbo naye ana la kufanya. Mashine mpya hupimwa na waliozitengeneza. Za miaka kumi iliyopita hazina mtu wa kuzipima maabara, na ndizo zilizojaa mikononi mwa watu huku kwetu. Ukiona namba isiyowezekana, endesha hivi bila --quiet, maana vichwa vya mwanzo ndivyo vyenye namba ya modeli na rejista ya vipimo:

sudo turbostat --out ripoti.txt sleep 10

Ambatanisha na uname -r, jina kamili la prosesa kutoka /proc/cpuinfo, na wati ulizoziona ukutani kwa wakati uleule. Ukiacha vichwa vya mwanzo, jibu la kwanza utakalopata litakuwa ombi la kuvituma.